Walipopima Barabara Mlangoni kwa Mama

Nilipata kazi ya ukalimani kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo kubwa, na kwa sababu wageni wale hawakujua Kiswahili. Walikuwa watatu. Ofisi moja ya utafiti ilikuwa imewatuma Likasi kuchunguza barabara yetu ikipanuliwa itaharibu nini: hewa, maji, miti, nyumba, maisha ya watu. Mkuu wao alikuwa mwanamume wa Kinshasa, mpole, mwenye sauti ndogo, msomi wa mambo ya jamii. Wenzake wawili, mmoja wa maji na mmoja wa hewa, walishughulika zaidi na vyombo vyao kuliko na watu. Kifaransa chao kilikuwa kizuri na Kilingala chao kitamu, lakini akina mama wanaouza makala, yaani mkaa, na mihogo kando ya barabara yetu huzungumza Kiswahili cha Katanga, na humo wageni walipotea kabisa. Padri wa parokia ndiye aliyewaambia kwamba yupo mwalimu wa Kifaransa ambaye mama yake anakaa palepale barabarani.

Kwa mama ni pembezoni mwa mji, mahali ambapo lami ya zamani imebaki vipande vipande katikati ya udongo mwekundu. Hapo hupita malori ya madini, moja nyuma ya jingine, na malori ya tindikali yenye matangi meupe, na kati yake hupita watu wa baiskeli wamefungasha magunia ya makala, na wanafunzi. Wakati wa kiangazi vumbi huwa zito hata madereva huwasha taa mchana. Mama huosha majani ya mihogo, sombe, mara tatu kabla ya kuyatwanga, na bado ukila unasikia mchanga kwenye meno. Mwaka mmoja kabla ya wageni kuja, lori lilimkanyaga msichana wa darasa langu akirudi kwao. Nilikwenda kwenye kilio, nikakaa chini na wanawake wengine, na magari yaliendelea kupita nje tukiwa tunaimba.

Kwa hiyo sisi sote tuliitaka barabara mpya. Nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya. Hakuna mtu upande ule aliyesimama mbele ya mashine na kusema isipite.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Mkuu aliuliza kwa Kifaransa, mimi nikauliza kwa Kiswahili, watu wakajibu, nikarudisha. Maji mnachota wapi? Mnakohoa? Mna miti gani? Je, kuna mahali pa sala, au mahali pa kuheshimiwa? Kuna kaburi ndani ya lupango? Lupango ndivyo tunavyoita kiwanja cha mtu pamoja na nyumba na ua wake. Watu walijibu kwa adabu, lakini macho yao yalikuwa yakingoja swali moja tu, la fidia, na swali hilo mkuu hakuwa na ruhusa ya kulijibu. Mwanamke mmoja aliangalia muda mrefu chombo cha kupima vumbi kilichosimamishwa kwenye ua wake, kisha akaniuliza kama kikiondoka kitaondoka na vumbi lake. Nilimtafsiria mkuu. Aliinamisha kichwa, hakucheka.

Mchoro wa mwanzo ulionyesha kwamba barabara itapanuliwa upande wa mama, kwa sababu upande ule viwanja ni virefu na nyumba zimejengwa nyuma kidogo. Watu wa manispaa walikuwa wamekwisha kupita na rangi nyekundu na kuchora msalaba kwenye kila ukuta uliohusika. Ukuta wa mama ulikuwa na wake.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mama, alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Mke wake alikuwa amekufa, na watoto wake walikuwa Lubumbashi na Kolwezi. Mbele ya nyumba yake alitengeneza baiskeli za watu wa makala. Ni mtu wa Katanga, kama mama. Baba yangu, yeye, alikuwa mtu wa Kasai. Baba yake ndiye aliyeletwa zamani kufanya kazi kwenye migodi. Mzee huyo alinijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni, na alinijibu maswali yote kwa ukarimu, hadi tulipomaliza na mkuu akafunga kalamu yake. Hapo mzee akanishika mkono.

"Kwa mama yako mutaenda lini?"

"Kesho, Papa."

"Muende pole pole," akasema. "Usimuulize mbio mbio."

Nilidhani anazungumzia uzee wa mama, na goti lake.

Mama alikuwa ametutayarishia viti barazani na maji ya kunywa kwenye jagi lenye kifuniko. Alivaa kitambaa kizuri cha kichwani. Alizungumza na mkuu moja kwa moja, uso kwa uso, kana kwamba mimi ni dirisha tu lililo kati yao, na kwa kweli alifanya hivyo vizuri kuliko watu wengi. Maji alichota kwenye kisima. Alikohoa, ndiyo, tangu miaka mingi. Miti ilikuwa mwembe, mipapai na mti wa avoka. Mahali pa sala hapakuwepo; yeye alisali kanisani.

"Kuna kaburi ndani ya lupango?" nikauliza. Nilikuwa nimekwisha kuuliza swali hilo kila nyumba, na kila nyumba walinijibu hapana, wengine kwa kucheka. Mdomo wangu ulikuwa umezoea kulipita haraka.

Lori lilipita, mama akangoja lipite.

"Iko moja," akasema.

"Il y en a une," nikamwambia mkuu, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na maneno yalikuwa yametoka kabla sijayasikia.

Mkuu akauliza ni kaburi la nani. Nikageuka. Sikumbuki kama sauti yangu ilibadilika.

"Ni ya nani, mama?"

"Ya mutoto yangu. Mutoto mwanaume. Alikuwa hayaota meno."

Nilitafsiri. Nilisema ni la mwanawe wa kiume, mchanga. Sikusema ni la mdogo wangu. Mkuu alijua kwamba mama yangu anakaa kwenye barabara ile, lakini hakujua bado kwamba ni huyu aliyekaa mbele yake; nilikuwa nimemwambia tu kwamba tunakwenda kwa mama, na kwetu kila mwanamke wa umri ule ni mama. Lakini alinitazama, akaelewa. Aliweka kalamu juu ya goti.

Nilijua kwamba nilikuwa na mdogo wangu aliyekufa akiwa mchanga. Nilikuwa nimeambiwa kwamba alizikwa kwenye makaburi ya mji, upande uliojaa zamani, ambako misalaba imeibwa na haiwezekani tena kujua nani yuko wapi. Siku ya wazazi, asubuhi, watu wa mtaa wanapokwenda na majembe kufyeka makaburini, mama hakwenda. Alisema ataenda kusafisha nini, na haonekani mtu. Niliamini. Hakuna sababu ya kutomwamini mama yako katika jambo kama hilo.

Mkuu aliuliza kwa upole kama kuna msalaba, jiwe, au alama yoyote. Mama akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya jiko.

"Pale penye muti ya avoka. Minye njo niliupanda, nyuma yake. Juu bantu basichimbe."

Alikuwa ameupanda yeye mwenyewe, baada ya maziko, ili watu wasichimbe hapo. Nilitafsiri hilo pia. Mkuu akaniuliza, kwa Kifaransa na kwa sauti ya chini, kama tupumzike. Mama hakujua Kifaransa lakini alielewa.

"Aendelee," akasema.

Swali lililofuata kwenye karatasi lilikuwa la choo. Niliuliza mna vyoo vingapi na vina kina gani. Mama alijibu.

Alasiri ile, wageni walipokwenda zao, nilirudi peke yangu. Nilimkuta anachambua majani ya sombe, ungo uko magotini. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikachukua majani, tukachambua wote wawili, mpaka nikamwuliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulikuwa unacheza pale. Ulikuwa na kamba yako, ulikuwa unaruka pale kila siku. Ningesema: mutoto, usiruke hapa?"

"Nilipokuwa mkubwa."

"Ulipokuwa mukubwa ungeuliza baba yako alikuwa wapi."

Kisha alinieleza. Ilikuwa miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa mjini. Watu wa umri wangu tunaijua kwa maneno yaliyovunjika vunjika, kwa sababu wazazi wetu wanapofika hapo hubadilisha mazungumzo. Mimi nilikuwa nimepelekwa kwa bibi, kijijini karibu na Koni, kwenye maji ya Lufira, ili niwe mbali na fujo. Baba alikuwa stesheni, kwenye gare kama tunavyosema, pamoja na maelfu ya watu wake, wanalala nje, wanangoja treni. Mama alikuwa nyumbani na mtoto mgonjwa. Yeye hakuna aliyemfukuza, lakini mtoto alihesabiwa wa baba yake, mtu wa Kasai. Kila asubuhi alipika, akamfunga mtoto mgongoni, akamfunika mpaka kichwani, akapeleka chakula stesheni kwa njia za nyuma.

"Alikuwa na joto," mama akasema. "Na kuhara. Ku dispansari hapakuwa muntu. Munganga mwenyewe alikuwa muntu ya Kasai, naye alikuwa ku gare. Mutoto akakufa saa ya mchana, mu mikono yangu, pale barazani."

Kwenda makaburini ilikuwa lazima kupita barabara kubwa, na barabarani walikuwa vijana wenye fimbo wanaouliza huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Hata jeneza wangeuliza. Yule mzee wa reli, ambaye wakati ule alikuwa kijana bado, alisikia kilio akavuka. Alichimba yeye mwenyewe, mchana, nyuma ya jiko, na mama alimzika mtoto akiwa amefungwa kwenye kikwembe chake, yaani kitenge.

"Na mudogo yake alikuwa kati ya bale vijana," mama akasema. "Mudogo yake Papa. Alikuwa ku barabara na fimbo. Yeye akachimba, na mudogo yake alikuwa pale nje. Haihitaji kuambia bantu hii."

"Na baba?"

"Nilimuambia kesho yake, ku gare. Alisema tu nimulete weye tuende wote. Minye nikasema siwezi kuacha mutoto mu bulongo yenye ingali laini."

Treni ilipokuja baba alipanda. Hakurudi, alikufa kwao Kasai kwa ugonjwa, baada ya miaka michache, na habari ilitufikia kwa mtu aliyesafiri. Hiyo sehemu niliijua. Siku zote nilikuwa nimedhani kwamba mama hakumfuata kwa sababu ya woga, au kwa sababu ya ukoo wake. Nilikuwa nimejenga fikira nyingi juu ya hilo, na wakati mwingine, nikiwa msichana, nilimkasirikia moyoni. Sasa nilikuwa nimekaa mbele yake na majani mkononi, na sikujua fikira zile niziweke wapi.

"Unalia juu ya nini?" mama akauliza. "Chambua. Jua inaingia."

Mkutano wa wananchi ulifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Chifu wa mtaa aliufungua kwa maneno marefu kuhusu maendeleo. Wageni walibandika ramani ukutani, na watu walisogea kuitafuta nyumba yao kwa kidole. Mimi nilisimama kando ya mkuu na kutafsiri: maji ya mvua yatapelekwa wapi, miti mingapi itakatwa na mingapi itapandwa, malori yatapunguza mwendo kwa matuta mbele ya shule. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mkuu alipofika kwenye sehemu ya mahali pa kuheshimiwa, alisema kwamba kuna kaburi moja lililotajwa, lisilo na alama. Hakusema la nani. Lakini katika mtaa kama wetu nani asiyejua? Kijana mmoja wa mbele, sijui mtoto wa nani, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Sasa kila muntu atapata kaburi mu lupango yake. Tutaona bafu bengi mwaka huu."

Bafu, kwetu, ni wafu: alitaka kusema watu watabuni makaburi ili walipwe. Watu kadhaa walicheka. Sikucheka wala sikutafsiri, mkuu hakuuliza. Niliangalia nyuma. Mama alikuwa anarekebisha kitambaa chake cha kichwani kana kwamba hakusikia.

Yule mzee wa reli akasimama. Ni mtu asiyependa kusema mbele za watu. Kanisani hata masomo hukataa kusoma. Alishika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Ile kaburi, minye njo nilichimba," akasema. "Kwa hii mikono. Na sababu gani hatukumupeleka ku makaburi ya mji, bale benye kuwa hapa zamani banajua. Banajua muzuri."

Akakaa. Malori yalisikika kutoka barabarani. Nilitafsiri kila neno. Mkuu aliniuliza kwa kunong'ona ni watu gani hao wanaojua, wanajua nini. Nikamwambia kwamba aliyesema amemaliza. Chifu wa mtaa alikohoa, kisha akauliza kuhusu mitaro. Watu waliinua mikono wengi kwa mara moja, kila mmoja alikuwa na neno juu ya mitaro.

Nilipotafuta mama tena, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mkuu alikuja nyumbani siku aliyoaga. Alitueleza kwamba mchoro ule ni wa mwanzo tu, kwamba ripoti itasomwa na watu wengine, kwamba mambo yanaweza kubadilika, na kwamba hakuna haraka ya kuhamisha kaburi. Nilimweleza mama hivyo hivyo, kwa ukamilifu. Mama alimsikiliza, akamshukuru. Kisha akaangalia ule msalaba mwekundu kwenye ukuta wake.

"Mwambie ni muntu muzuri," akasema. "Lakini minye sitangojea mashini imukute."

Mkuu alikubali kwamba ni haki yake, na aliandika kwa manispaa ili tupewe ruhusa.

Tulifukua asubuhi moja ya joto, kabla ya mvua za kwanza. Tulikuwa wachache: mama, mimi, katekista, mtu wa usafi wa manispaa aliyevaa glavu, wachimbaji wawili wa makaburini, na mzee wa reli, ambaye ndiye aliyejua mahali hasa. Alisimama karibu na mti wa avoka, akapima kwa macho kutoka ukuta wa jiko, akahama kidogo, akarudi.

"Muti ulikuwa haiko," akasema, kama anayeomba radhi. "Sasa muti umekuwa mukubwa."

Mizizi ilikuwa imepita kila mahali. Walikata kwa shoka, wakachimba, wakakata tena. Udongo ulitoka mwekundu, halafu mwekundu, halafu mweusi kidogo sehemu moja, na hapo wote tuliinama. Lakini hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mfupa, wala uzi wa kikwembe. Mtu wa usafi alishuka mwenyewe ndani, akapitisha vidole taratibu kwenye ule udongo mweusi. Lazima niseme alifanya kwa heshima. Kisha akatuangalia kutoka chini.

"Mama," akasema, "mutoto mudogo, na miaka yote hii. Udongo ya huku inakula. Hapa hatutapata kitu."

"Ongezeni kidogo," mama akasema.

Waliongeza. Shimo likawa pana, likafika karibu na ukuta. Mzee wa reli alikuwa amevua kofia yake na kuishika mbele ya tumbo, na aliendelea kuonyesha, labda hapa, labda pale, mpaka katekista akamgusa begani. Mama alisimama muda wote, hakukubali kiti.

"Basi," akasema mwishowe. "Muchote bulongo ya pale peusi. Iweke mu sanduku."

Sanduku lilikuwa dogo, seremala wa mtaani alilitengeneza kwa mbao nyeupe. Walitia udongo. Lilikuwa zito kuliko ambavyo mtoto angekuwa, na wachimbaji walipolibeba waligundua hilo, wakatazamana, wakabadilisha mikono. Tuliliteremsha kwenye kaburi dogo huko makaburi mapya, nje ya mji. Katekista alimwuliza mama jina la kuandika kwenye msalaba. Alilitaja. Lilikuwa jina la babu yangu wa Kasai, jina ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kutamkwa nikiwa nasikia. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote bila kujua kwamba mdogo wangu alikuwa na jina.

Nyumbani shimo lilifukiwa, lakini ardhi ilibaki imezama pale, na maji ya mvua yalituama. Mti wa avoka ulikuwa umekatwa mizizi mingi mno. Majani yake yalikauka upande mmoja, halafu upande wa pili. Mama aliwaita watu wakaukata kuwa kuni.

Mvua zote zilipita bila habari. Kisha mkuu alinipigia simu kutoka Kinshasa. Kwanza aliniuliza habari za shule, habari za mama, habari za mvua, na nilijua kutokana na kuuliza kwake kwamba kuna jambo. Aliniambia kwamba wahandisi walikuwa wamehesabu upya. Upande wa mama, mbele kidogo, zinapita nguzo kubwa za umeme unaotoka kwenye bwawa la Koni. Kuzihamisha ni kazi ya hatari na ya muda mrefu. Wameamua kupanua upande wa pili.

"Nilitaka nikuambie mwenyewe, mwalimu," akasema kwa Kifaransa chake kizuri. "Samahani sana."

Nilimwambia kwamba haikuwa kosa lake, na ilikuwa kweli. Alikuwa ameuliza kila alichopaswa kuuliza, na alituambia mambo yanaweza kubadilika. Nimejaribu mara nyingi kumpata mtu wa kumlaumu, na sijampata.

Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa anapepeta unga.

"Barabara haitapita huku," nikasema. "Itapita upande mwingine."

Aliacha kupepeta.

"Upande ingine? Kwa Papa?"

"Ndiyo."

Nilingoja aseme kitu juu ya kaburi. Alikung'uta mikono yake, akainuka kwa shida, akatembea mpaka ukingoni mwa barabara ili avuke. Malori yalikuwa yamefuatana siku ile, hayakuacha nafasi. Alisimama pale muda mrefu, vumbi linampitia, akimwangalia mzee ng'ambo akiwa ameinamia gurudumu la baiskeli. Mzee hakumwona. Mwishowe mama akarudi ndani, akakaa kitandani na viatu vyake.

Watu wa manispaa walikuja na rangi kwa mara ya pili. Mzee alipewa fidia, na ilitosha kuanza kujenga mahali pengine lakini si pale mjini. Watoto wake walimpatia chumba kwa ndugu zao, upande wa Buluo, si mbali na gereza kubwa. Siku ya kuhama alikuja kuaga. Mama alimpa unga na kuku, hakumwangalia machoni. Mzee alivuka, akapanda mbele kwenye gari lililobeba vitu vyake, na mchana uleule mashine ilisukuma nyumba yake. Haikuchukua muda.

Barabara imekamilika. Ni lazima niseme kwamba vumbi limepungua, na mama anakohoa usiku tu. Matuta yaliyotajwa mkutanoni mbele ya shule bado hayajawekwa. Malori yanakwenda kasi kuliko zamani, na nawasindikiza wanafunzi wangu kuvuka mimi mwenyewe, nimesimama katikati ya lami na mkono juu.

Tulikwenda kumtembelea mzee mara moja. Tulimkuta ameketi nje ya chumba chake kwenye kiti cha plastiki, amekonda, sikio moja halisikii tena. Hakukuwa na baiskeli za kutengeneza. Watu wa huko hawamjui. Alifurahi kutuona na aliagiza tuletewe soda. Mama alikaa karibu na sikio lake zima.

"Papa," akasema, "minye njo nilipaswa kutoka pale. Haiko weye."

"Nani alisema?"

"Minye nasema."

Mzee alikuwa akiangalia njia, ambako wanawake walikuwa wanapita na mabakuli vichwani, wanapeleka chakula kwa wafungwa wao.

"Balituuliza muzuri," akasema. "Yule bwana aliuliza muzuri sana. Minye sina kintu ya kusema."

Kisha akauliza kama malori yanapita mengi. Mama akasema ni mengi. Akauliza kama lami ni nzito. Mama akasema ndiyo, ni nzito. Waliendelea hivyo, swali na jibu, mpaka jua likainama na ikabidi tuondoke. Mama alimwahidi kwamba tutarudi na unga mpya wa mahindi. Hilo lilikuwa kabla ya mavuno. Goti lake limevimba tangu wakati huo, nami nina madarasa mpaka Jumamosi, na unga uko jikoni umefungwa kwenye mfuko. Bado hatujakwenda.